Bibi Mmoja, Wajukuu Saba

Msomaji, kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia vitumbua kabla ya kulimaliza, usihangaike. Tulimwacha Yusrah Kondo nyuma ya ukumbi wa nyumba moja ya wageni pale Mikumi, amechutama chini ya dirisha, sikio kalibandika ukutani. Ndani, Goodhope, kijana mtanashati wa Kidodi, alikuwa anafanya mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Alikuwa anamsimulia mtahini habari za bibi yake mzaa mama.

Tatizo lilikuwa moja tu. Bibi huyo hakuwa wa Goodhope. Alikuwa wa Yusrah.

“Mvua ilinyesha, maji yakaizingira treni pale Munisagara,” Goodhope alikuwa anasema kwa Kiingereza cha kunyooka, sauti kailegeza kama padri msibani. “Mama mmoja akashikwa na uchungu ndani ya behewa la daraja la tatu. Bibi yangu Sesilia akawatoa wanaume wote nje, wakasimama kwenye maji mpaka magotini, akamzalisha yule mama mtoto wa kike. Huyo ndiye mtu ninayemheshimu kuliko wote.”

Bibi yangu! Yusrah nusura aingie kupitia dirishani akamkabe.

Utauliza, hadithi ya bibi wa Yusrah ilifikaje kinywani mwa Goodhope? Yusrah mwenyewe ndiye aliyeitoa. Kule Kilosa, kwenye tuisheni ya Mwalimu Ditram, kila mmoja aliambiwa asimulie habari za mtu anayemheshimu. Yusrah alipomaliza, mwalimu alipiga meza mpaka chaki zikaruka.

“Hii ndiyo! Hii inafaulu!”

Mwalimu Ditram alikuwa na imani moja maishani: Kiingereza hakizungumzwi, kinakaririwa. Aliichukua ile hadithi, akakata yale aliyoona yanatia aibu mbele ya mtahini, akaiandika ubaoni, darasa zima likaiimba kutwa. Ukisahau neno, alifundisha, tabasamu. Ukisahau sentensi, kohoa. Ukisahau yote, kohoa mpaka uletewe maji.

Yusrah alidhani wenzake wanafanya mazoezi tu, na siku ya mtihani kila mtu atamtaja bibi wa kwao. Masikini. Alikuwa hajawajua binadamu.

Tangu asubuhi Aneth aliingia na bibi Sesilia. Deogratias akaingia na bibi Sesilia. Frank vilevile. Behewa lilikuwa moja, mtoto mmoja, lakini wakunga sasa walitosha kufungua zahanati.

Na mtahini, Madam Upendo, hakuwafukuza. Kila mmoja alipomaliza, alimuuliza swali lilelile.

“Bibi yako alimpa mtoto jina gani?”

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana jina halikuandikwa ubaoni. Aneth alisema Mary. Frank alisema Samson, wakati dakika moja tu iliyopita mtoto alikuwa wa kike. Deogratias alikohoa mpaka akaletewa maji.

Sasa ilikuwa zamu ya Goodhope. Yusrah alibana pumzi asikie atakavyoumbuka.

“Madam,” Goodhope akasema bila kupepesa, “kwa mila zetu, jina lile hulitaja bibi mwenyewe. Lakini yupo hai. Nitakuletea hapa kabla ya mtihani wa kuandika.”

Sauti ya Madam ikaja, safari hii ya chini.

“Mlete. Tafadhali, mlete.”

Goodhope alitoka akirekebisha kola ya shati. Yusrah alimdaka kwenye kona ya jiko.

“Mwizi wa bibi wee!”

“Yuu, punguza sauti, tuko eneo la mtihani.”

“Utamleta bibi yupi? Bibi yangu yuko Munisagara, hata sura yake huijui!”

“Ndiyo maana namfuata mwingine.” Goodhope alicheka meno yote nje. “Leo gulio. Bibi mwenye sura ya heshima hakosekani gulioni. Namnunulia soda, namfundisha jina, nusu saa namrudisha.”

“Huoni hata aibu?”

“Aibu haina cheti, Yuu.”

Akaruka juu ya bodaboda, huyo, vumbi likabaki kwa Yusrah.

Sasa ujue kwa nini binti huyu alikuwa na haki ya kutetemeka. Kambi moja ya watalii pale Mikumi ilimwahidi kazi ya kuongoza wageni, ila alete cheti cha Kiingereza, kuzungumza na kuandika. Kuandika hakukumpa shida. Insha alikuwa anaandika mpaka karatasi inaomba msamaha. Kuzungumza ndiko kulikomwangusha mara mbili. Hii ilikuwa mara ya tatu, na kanuni za mtihani haziruhusu ya nne.

Na sababu ya kuanguka ni hii, usicheke. Yusrah alilelewa na mama yake, Doto, muuza vitumbua wa Kilosa, mwanamke mcheshi kwa kila mtu lakini mkali kwenye adabu. Kwa Doto, mtoto hafungui mdomo mbele ya mkubwa kabla hajaamkia, na akishaamkia hasemi neno mpaka aitikiwe. Sasa Kiingereza hakina shikamoo, na mtahini hana marahaba. Kwa hiyo mara zote mbili Yusrah aliingia, akapiga goti kidogo, akasubiri. Watahini nao wakasubiri. Wakasubiriana mpaka muda ukaisha.

Nyumbani alifanya mazoezi mbele ya kioo na mambo yalikwenda vizuri sana. Kioo hakihitaji kuamkiwa.

Joyce akaingia, akatoka. Vitalis akaingia, akatoka akikohoa. Herufi ya Y ina mateso yake.

“Yusrah Kondo!”

Madam Upendo alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani kaipandisha kichwani. Juu ya meza palikuwa na kinasa sauti chenye taa nyekundu. Bango ukutani lilisema ndani ya ukumbi ni Kiingereza tu, Kiswahili marufuku.

“Swali la kanuni kwanza,” Madam akasema kwa uchovu. “Mtahini hamsahihishi ndugu yake. Je, una undugu wowote na mimi?”

“Hapana, Madam. Sina undugu na wewe,” Yusrah akajibu kwa Kiingereza, na akajishangaa. Sentensi mbili nzima! Hilo alikuwa amelikariri.

“Vizuri. Nieleze kuhusu mtu unayemheshimu.” Madam akashusha miwani. “Na ukinitajia bibi, treni na Munisagara, mlango ule pale.”

Goti la Yusrah likapinda lenyewe. Ulimi ukasubiri marahaba. Marahaba haikuja.

Alifikiria kumtaja Mwalimu Ditram, lakini hakumheshimu tena. Alifikiria kubuni mjomba. Mjomba akakataa kuja. Taa nyekundu ilimkodolea macho, na Madam akaanza kugonga kalamu mezani, polepole, kama mtu anayehesabu sekunde za mwenzake.

Ndipo hasira zikampanda. Watu sita wamemtumia bibi yake tangu asubuhi, na yeye mwenye bibi ndiye anakatazwa!

“Bibi yangu,” akasema. “Treni. Munisagara.”

Madam alinyoosha mkono azime kinasa. Halafu, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kitu tena, akauliza, “Mtoto aliitwa nani?”

“Chelewa.”

Mkono wa Madam ukaganda hewani.

“Rudia.”

“Chelewa. Mama yake alikuwa Mnyamwezi, anatoka Tabora. Bibi yangu Msagara. Watani. Bibi akasema nyie Wanyamwezi mmeingia kwenye treni na mikosi yenu, mmetuchelewesha, basi mtoto huyu ni Chelewa. Na akamteka palepale, kwa utani. Akasema haachii mpaka upande wa mtoto ulete kuku. Njia ilipotengenezwa treni ikaondoka, mtoto akarudishwa kwa mkopo, na kuku hajaletwa mpaka leo. Mwalimu alikata hiyo sehemu. Alisema kuku si wa kutajwa kwenye mtihani.”

Msomaji, yote hayo kwa Kiingereza! Kilikuwa na mashimo kama barabara ya Kilosa wakati wa masika, lakini kilipitika.

Madam alikivua kitambulisho chake shingoni. Tangu asubuhi kilikuwa kimegeukia nyuma, jina halionekani. Akakigeuza, akakisukuma mbele ya Yusrah.

Upendo Chelewa Maganga.

Yusrah alisoma mara mbili. Akamwangalia Madam. Akaangalia kitambulisho. Na hapo, kitu kilichokuwa kimeubana ulimi wake miaka yote kikafunguka, maana mtu mzima ni mtu mzima, lakini mtani ni mtani. Mtani hasubiriwi marahaba.

“Kumbe wewe ni mali yetu!” akasema. “Kaa vizuri, usijichafue. Bibi hajalipwa.”

“Mali ya nani?” Madam akawaka, Kiingereza kile kile, macho yakianza kumeta. “Nyie Wasagara, babu zetu walipopita hapa na mizigo kichwani, mliwauzia hadi maji ya mtoni!”

“Wakanywa wakakimbia bila kulipa. Ni ugonjwa wa ukoo. Hata kuku mmoja umewashinda.”

“Kuku wenu wembamba, wakimwona kuku wetu mnono watakufa kwa mshtuko!”

“Angalau kuku wetu hawachelewi!”

Madam Upendo aliangua kicheko, akakifunika kwa nyuma ya kiganja. Yusrah alikisikia kicheko kile akahisi amekwishakisikia mahali, lakini hakuwa na nafasi ya kufikiri wapi. Alikuwa anatafuta tusi lingine zuri. Walirushiana hivyo mpaka kengele ya muda ikalia, na taa nyekundu ikazimika.

Madam alifuta macho. Akahamia Kiswahili, marufuku au si marufuku.

“Mama yangu alikufa akimtaja huyo mwanamke. Sesilia, Sesilia. Alitaka nimtafute nimshukuru, na mimi nikawa naahirisha kila mwaka. Leo asubuhi yule binti wa kwanza alipoanza kusimulia, nilidhani Mungu amenisamehe. Kisha akaja wa pili na hadithi ileile. Wa tatu. Unajua nilivyojisikia? Nilijiona nachezewa.”

“Pole, Madam.”

“Wewe umelijua jina. Lakini huenda na jina limezunguka kama hadithi yenyewe ilivyozunguka. Na yule kijana naye yuko njiani na bibi.” Akasimama, na ule ukali wa mtahini ukamrudia. “Nimedanganywa vya kutosha. Kati yenu wawili mmoja ni mwongo, na mwongo haingii chumba cha kuandika. Saa nane nafungua bahasha ya maswali. Mpigie bibi yako aje.”

Yusrah aliigusa simu mfukoni, asiitoe.

Maana kulikuwa na jambo hatujakwambia. Bibi Sesilia hakujua kabisa kwamba mjukuu wake yuko Mikumi. Baada ya kuanguka mara mbili, Yusrah aliona aibu kusema anarudia. Alimuaga bibi yake kwamba anakwenda arusini Morogoro.

Mbele ya Madam angefanyaje? Alitoa simu, akapiga, akimwomba Mungu bibi awe ameishiwa chaji.

Simu iliita.

Iliita sikioni mwake. Na iliita uani! Wimbo wa kwaya ulikuwa unakuja kutoka nje, unakaribia, pamoja na mngurumo wa pikipiki.

Yusrah alikimbilia dirishani. Bodaboda ilikuwa inaingia na abiria wawili. Nyuma kabisa alikaa Goodhope, tabasamu limemjaa uso. Katikati, amekumbatia nyungo zake za kuuza, khanga kaifunga kibwebwe, alikaa Bibi Sesilia wa Munisagara.

Katika mabibi wote wa gulio la Mikumi, kijana kamwokota huyo huyo!

Bibi alishuka, akatoa simu kifuani, akaiweka sikioni huku akimtazama Yusrah uso kwa uso pale dirishani.

“Haloo! Mjukuu wangu! Arusi inaendeleaje huko Morogoro?”

Yusrah alitamani ardhi ipasuke.

“Pilau limeiva?” Bibi akaendelea, macho hayabanduki. “Usisahau kunibebea.” Akakata simu, akairudisha kifuani.

Goodhope hakuelewa chochote. Alimshika bibi mkono kwa adabu, akampandisha kibarazani. Watahiniwa wengine walikuwa wamekwishakusanyika. Aneth aliacha chipsi zake zikipoa.

“Madam,” Goodhope akatangaza, “huyu ndiye bibi yangu mzaa mama. Bibi, mwambie Madam jina lako.”

“Naitwa Sesilia,” Bibi akasema, na akamgeukia Goodhope. “Nimelitamka sawasawa, baba?”

“Sawasawa kabisa, bibi.”

Madam Upendo alikuwa ameshika nguzo ya baraza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani?”

“Naitwa Upendo. Lakini mama yangu, akiniita kwa mahaba, aliniita Chelewa. Nilizaliwa kwenye treni.”

Nyungo zikamdondoka Bibi Sesilia, moja ikajiviringisha mpaka jikoni. Watu walidhani atalia. Walidhani atamkumbatia. Nani kakwambia? Alimrukia Madam, akamdaka kifundo cha mkono, akakikamata kama polisi.

“Mateka wangu!” akapiga ukelele. “Chini! Kaa chini! Miaka yote hii mnatembea na mali ya watu!”

Na Madam Upendo, mtahini wa taifa, akaketi chini sakafuni na sketi yake ya ofisini, analia na kucheka kwa pamoja.

“Mama, mama yangu alitaka nikushukuru.”

“Shukrani nitakula? Kuku wangu yuko wapi?”

“Nitakupa kila unachotaka. Lakini niambie kwanza.” Madam alifuta pua kwa mkono ulio huru. “Mjukuu wako ni yupi? Huyu kijana, au yule binti?”

Bibi Sesilia alimtazama Goodhope. Akamtazama Yusrah, muda mrefu, kwa jicho la mtu anayekumbuka pilau la Morogoro.

“Sisemi,” akasema.

“Bibi!” Yusrah akalia.

“Sisemi kitu mpaka nimwone kuku wangu. Kuku!”

Goodhope hakungoja kuambiwa mara mbili. Alichomoka barazani kama aliyechomwa sindano, akapotelea nyuma ya jiko, ambako jogoo mwekundu wa mama ntilie alikuwa anatembea bila habari. Makelele yakaanza. Sufuria zikaanguka. Mama ntilie akapiga yowe, Goodhope akapiga la kwake, jogoo akawashinda wote.

Yusrah naye alikwishavua kiatu kimoja. Alikuwa anajua mbio kuliko Goodhope, na palikuwa na tetea kule mlangoni kwa jirani. Cheti chake, kazi yake, kila kitu kilikuwa kinakimbia pamoja na jogoo yule.

Halafu akasita.

Alikumbuka msiba wa babu yake. Watani walikuja wakateka jeneza, wakasema halizikwi. Nani alilipa? Wafiwa ndio waliolipa. Upande ulioteka ulikaa juu ya mkeka unajipepea.

Yusrah alirudisha mguu kwenye kiatu. Akatembea taratibu, akachuchumaa, akaukamata mkono wa pili wa Madam Upendo. Akaubana hasa.

“Haponyoki huyu, Bibi,” akasema.

Pembe ya mdomo wa Bibi Sesilia ilicheza.

Goodhope alirudi anahema, manyoya kwenye nywele, kola imechanika, jogoo kwapani.

“Bibi yangu!” akapiga goti kwa mbwembwe. “Kuku wako huyu hapa! Mjukuu wako nimemleta kwa mikono yangu!”

Hata Aneth alielewa. Alianza kutikisa kichwa polepole.

“Goodhope,” Madam akasema kutoka pale sakafuni. “Hebu niambie. Mtoto akitekwa na mtani, kuku analetwa na nani?”

“Na... na mtu mwenye heshima na bibi yake.”

“Analetwa na ndugu wa aliyetekwa, baba. Mjukuu wa mteka halipi, anakaba.” Akainua mkono wake wa kushoto, na vidole vya Yusrah vikainuka nao. “Kama huyu anavyonikaba. Anakaribia kunivunja.”

“Asante sana, kijana wa Kinyamwezi!” Bibi Sesilia akampokonya jogoo. “Umemgomboa dada yako. Una moyo.”

“Lakini mimi si Mnyamwezi!”

“Basi kwa nini unanilipia?” Madam akauliza. “Umekuja na kuku mbele ya mashahidi sita. Wewe ni ndugu yangu. Na mtahini hamsahihishi ndugu yake. Karatasi yako ya leo imekufa, mdogo wangu. Utafanya siku nyingine, kwa mtahini mwingine, na kwa bibi wa kwenu.”

Watu walicheka mpaka Vitalis akakohoa kikweli. Goodhope alisimama katikati yao na shati lake lililochanika. Mama ntilie naye alikuwa anakuja na mwiko.

“Kanifundisha njia nzima,” Bibi akawaambia watu, anafuta machozi ya kicheko. “Ukiulizwa jina, sema Sesilia. Nikamwambia baba, ni jina gumu, lakini nitajitahidi.”

Kisha akamgeukia mjukuu wake, na kicheko kikaondoka usoni.

“Na wewe, bi arusi.”

“Nisamehe, Bibi. Niliona aibu. Nimeanguka mara mbili.”

“Ulipokuwa unajifunza kutembea ulianguka mara ngapi? Nani alikuwa anakuokota? Leo kuanguka unanificha mimi?”

Yusrah aliinamisha kichwa kwenye bega la bibi yake, jogoo katikati yao, akalia kwa sauti. Alikuwa hajalia mara zote mbili alizofeli.

“Basi, basi,” Bibi akampigapiga mgongoni. “Unamlowesha kuku.”

Madam Upendo alisimama, akajipangusa sketi. Akatoa ufunguo mfukoni. Ilikuwa karibu saa nane.

“Yusrah, kuzungumza umefaulu, kinasa ni shahidi yangu. Nenda kakae chumba cha kuandika, kiti cha mbele. Ukiandika nusu ya ulivyonitukana, kazi umepata.”

Unaijua furaha ya mtu aliyetuliwa kitu kizito alichokibeba mpaka akasahau kuwa amekibeba? Ndiyo iliyomshika Yusrah. Alichukua kalamu yake. Alikwishaona sare ya kambi, jina lake kifuani, wageni wanamsikiliza. Alikwishafika mlangoni.

“Subiri,” Bibi Sesilia akasema.

Alikuwa anampima jogoo uzito, mkono huu, mkono ule, kama mtu aliye sokoni. Lakini macho yake yalikuwa kwa Madam. Tangu Madam alipocheka mara ya mwisho na kukifunika kicheko kwa nyuma ya kiganja, Bibi alikuwa ameacha kutania.

“Huyu ni mmoja,” akasema taratibu. “Bado mmoja.”

“Mmoja wa nini, mama?”

“Kuku. Mama yako hakukwambia?”

“Kuniambia nini?”

Bibi alimweka jogoo chini. Jogoo akaondoka zake, wala hakuna aliyemwangalia.

“Siku ile kwenye behewa mateka walikuwa wawili. Mama yako alikuwa hoi, maziwa hayatoki, na safari ya Tabora ilikuwa bado ndefu. Mmoja nilimrudisha. Wewe.” Akageuza macho mlangoni. “Wa pili, mama yako aliniomba nibaki naye mpaka atakaporudi na kuku. Hakurudi.”

Ufunguo ulimponyoka Madam Upendo ukalia sakafuni. Bibi hakumtazama. Alikuwa anamtazama Yusrah pale mlangoni.

Na Yusrah akamwona akilini mama yake kule Kilosa, mbele ya karai la vitumbua, anacheka na wateja na kukifunika kicheko kwa nyuma ya kiganja. Maisha yote watu walimwita Doto, na hakuna aliyewahi kuuliza pacha wake, Kulwa, yuko wapi.

Juu ya meza ya mtahini kinasa sauti kilikuwa kimetulia. Ndani yake ilikuwamo sauti ya Yusrah mwenyewe, kwa Kiingereza safi kuliko chochote alichosema siku ile, ikiapa kwamba hana undugu na Madam.